Salamu ya Kwanza kwa Kiingereza

Mwishoni mwa mwaka 1871 msafara wa Henry Morton Stanley uliteremka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, bunduki zikilia na bendera ya Marekani ikitangulia mbele. Mji ulitoka kuupokea. Watu walikuwa wakimwamkia mgeni kwa Kiswahili, huyu akidakia na yule akidakia, ndipo Stanley aliposikia sauti upande wake wa kulia ikisema kwa Kiingereza, "Good morning, sir." Akageuka kwa mshtuko. Aliyemwamkia alikuwa mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe na kilemba cha amerikani, uso umemchangamka. Jina lake lilikuwa Susi, na alikuwa amefanya kazi na Daktari David Livingstone, ambaye Stanley alikuwa akimtafuta, tangu siku za Mto Zambezi.

Stanley hakuitikia. Mwenyewe ameandika katika kitabu chake cha 1872 kwamba alimuuliza Susi kwa maneno makali yeye ni nani. Susi akatabasamu, akataja jina lake na kazi yake. Alipoulizwa kama Daktari yumo mjini, alijibu kwamba yumo, na majibu yake akayatilia "sir". Punde akatokea mwenzake, Chuma, naye akaamkia vilevile, na salamu yake pia ikapita bila kuitikiwa.

Salamu ambayo dunia imeikumbuka ilikuja dakika chache baadaye. Stanley alimwona mzee wa Kizungu, Livingstone mwenyewe, amesimama kati ya Waarabu wa mji ule, akamwendea polepole, akavua kofia, akamtaja kwa cheo na jina lake, akaongeza kwamba anadhani ndiye. Maneno yale yaligeuka kichekesho Ulaya na Marekani, kwa kuwa pale Ujiji hapakuwa na Mzungu mwingine wa kudhaniwa. Tim Jeal, aliyeandika maisha ya Stanley mwaka 2007, anaamini kuwa huenda hayakutamkwa kabisa, maana kurasa za shajara zilizohusu mkutano huo zimechanwa.

Mimi nakaa upande wa Susi. Mtu aliyesalimia vizuri kwa Kiingereza siku ile ni yeye, na vitabu vimempita. Alichagua salamu ya wakati wa siku, ambayo haimkosei mtu wa rika lolote wala cheo chochote. Aliitilia neno la heshima. Hakumrundikia mgeni maswali. Alipoulizwa, alitaja jina lake, akajieleza kwa ufupi, akanyamaza. Kijana wa leo anayekwenda kuonana na mwajiri wa Kizungu, au anayetua London kwa masomo, hahitaji zaidi ya hayo. Kinachomsumbua ni kwamba hayo anayaona machache mno. Amelelewa kuamini kwamba salamu fupi ni dharau.

Stanley naye ameeleza kwa nini alikuwa mkavu vile. Anasema moyo wake ulitaka kumkimbilia Livingstone na kumkumbatia, lakini umati ulikuwa unatazama, na hakujua Mwingereza yule angelipokeaje jambo hilo. Ule ukavu ulikuwa woga, na ndani ya woga mlikuwa na heshima ya namna fulani.

Iko hadithi ya zamani kidogo kuliko hiyo inayoionyesha hali hii waziwazi. Alexander Kinglake, katika kitabu chake *Eothen* cha 1844, anasimulia alivyovuka jangwa kwa ngamia akielekea Cairo. Kwa siku kadhaa hakuwa amemwona mtu wa kwao. Kisha kwa mbali akamwona Mwingereza mwenzake akija upande wa pili. Wakakaribiana katika jangwa tupu, wakainua mikono kwenye kofia, wakapungiana, wakapishana bila kusemeshana. Watumishi wao, waliokuwa nyuma, walisimama mara moja wakaanza mazungumzo kama watu wowote wenye akili zao. Ngamia wa Kinglake alipoona wenzake hawafuati, naye akagoma kwenda. Hapo ndipo mabwana wale wawili walipolazimika kurudiana na kuzungumza, na neno la kwanza la yule mwenzake lilihusu tauni iliyokuwa Cairo, akidhani Kinglake angependa kujua imefikia wapi.

Mtu wa Lamu au wa Kigoma akisikia kisa hicho atauliza hao ni watu gani wasiojuliana hali hata jangwani. Swali ni la haki. Jibu lake wamelieleza vizuri wanaisimu wawili, Penelope Brown na Stephen Levinson, katika kazi yao kuhusu adabu iliyochapishwa mwaka 1978 na kutolewa tena kama kitabu mwaka 1987. Wanasema adabu ina njia mbili. Njia moja humsogelea mtu na kumwonyesha kwamba ni mwenzetu, shida zake ni zetu. Njia ya pili humwachia nafasi yake, ikamwonyesha kwamba hatutaki kumsumbua wala kumbana. Watu wote wanazijua zote mbili. Ila Mswahili akikutana na mgeni huanza na ya kwanza: humuuliza hali, nyumbani, safari, watoto, kazi, na anayeruka maswali hayo ameonyesha kiburi. Mwingereza huanza na ya pili. Kwake, kumuuliza mtu asiyemjua habari za watoto ni kuingia chumbani bila hodi. Kinglake na mwenzake walikuwa wanaheshimiana kwa namna waliyofunzwa, ingawa ngamia hakukubaliana nao.

Ukiyashika hayo, mengi yanayofuata hayatakuwa mageni.

Zamani, katika jamii ya watu wenye nafasi huko Uingereza na Marekani, hukuruhusiwa hata kumsemesha usiyemjua mpaka mtu wa tatu awatambulishe. Kutambulisha kulikuwa na utaratibu wake. Mmarekani Emily Post, ambaye kitabu chake cha adabu kilitoka mwaka 1922 na kikatawala nyumba nyingi kwa miongo kadhaa, alifundisha kwamba mdogo hupelekwa kwa mkubwa, na mwanamume hupelekwa kwa mwanamke. Maana yake ni kwamba jina la anayeheshimiwa zaidi hutajwa kwanza, kana kwamba anaombwa ruhusa: "Professor Brown, may I introduce Mr Hamisi?" Kanuni hii bado inafanya kazi ofisini na kwenye mikutano, na kwetu haina ugeni wowote, maana tunajua mdogo ndiye anayeanza kutoa shikamoo.

Mkiisha kutambulishwa, mlikuwa na jambo moja la kusema: "How do you do?" Jibu lake lilikuwa hilohilo, "How do you do?" Linaonekana swali, ila halijibiwi kama swali. Anayejibu kwamba yu mzima anajionyesha mgeni. Emily Post alikataa katakata mtu kusema "Pleased to meet you", akiona ni maneno ya watu wasiolelewa vizuri. Mwaka 1954 profesa wa isimu wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Alan Ross, aliandika makala kuhusu maneno yanayowatenga watu wa tabaka la juu na wengine huko Uingereza, na hilo akalitaja: wakubwa hurudia "How do you do?", wasio wakubwa hujibu "Pleased to meet you." Mwaka uliofuata Nancy Mitford, mwandishi wa riwaya na binti wa lodi, aliyapeleka mambo hayo kwenye jarida la *Encounter*, na nchi nzima ikaanza kujisikiliza kwa hofu.

Hofu hiyo imekwisha, na imekwisha vizuri. Leo "Nice to meet you" au "Pleased to meet you" ndiyo maneno ya kawaida kabisa ya kukutana mara ya kwanza, kuanzia dukani hadi bungeni. "How do you do?" imebaki kwa wazee na kwa hafla rasmi. Huna haja ya kuianza wewe. Ijue tu, ili siku bibi wa miaka themanini akikwambia, umrudishie hivyohivyo bila kuanza kumweleza presha yako.

Basi salamu ya leo inakwendaje? Kwa ufupi kabisa: neno la kuamkia, jina lako, na furaha ya kuonana. "Good morning. I'm Rehema Salum. It's nice to meet you." Mwenzako atasema jina lake na kurudisha, "Nice to meet you too." Hapo mmekwisha salimiana. Usitafute kilichobaki, hakuna kilichobaki.

Neno la kuamkia lina ngazi. "Good morning" hutumika mpaka saa sita mchana, "Good afternoon" kutoka hapo, na "Good evening" kuanzia saa kumi na moja au kumi na mbili jioni. Hizi ndizo salama kuliko zote mbele ya mkubwa, mteja, mwalimu wa chuo au ofisa wa ubalozi. "Good night" ni ya kuagana, hata kama umemkuta mtu saa nne usiku. Kule Trinidad na visiwa vingine vya Karibi watu husalimia kwa "Good night" wanapokutana usiku, na ni sahihi kwao, lakini Uingereza na Marekani ukiingia nayo mlangoni watadhani unaondoka. "Hello" iko katikati, inafaa karibu popote. "Hi" ni nyepesi. Mwachie mwenye nyumba aianze.

Hiyo "Hello" yenyewe si ya kale kama wengi wanavyodhani. Ilikuwepo kama sauti ya kumshtua mtu au kumwita kwa mbali, ila kuwa salamu ya heshima ilisaidiwa sana na simu. Alexander Graham Bell alitaka watu wafungue mazungumzo ya simu kwa "Ahoy", mwito wa mabaharia. Thomas Edison, katika barua aliyoandika tarehe 15 Agosti 1877 kwa mkuu wa kampuni moja ya telegrafu mjini Pittsburgh, alipendekeza "Hello". Edison akashinda, na akina dada waliounganisha simu Marekani wakapewa jina la utani la "hello girls". Sisi nasi tuliipokea pamoja na simu yenyewe, tukaifanya "haloo", na mpaka leo wengi wetu tunaitumia simuni kuliko ana kwa ana.

Sasa tufike kwenye "How are you?", maana hapa ndipo manung'uniko yanapoanza. Nimesikia mara nyingi watu wetu waliokaa Ulaya wakilalamika: wanakuuliza hali halafu hawasubiri jibu. Mhudumu wa duka Marekani anauliza huku anahesabu chenji. Mtu wa Manchester anakupita kwenye ngazi akisema "You all right?", na mgeni anabaki kujiuliza kama anaonekana mgonjwa. Lalamiko naliona si la haki, na nitasema kwa nini.

Sikiliza tunavyosalimiana wenyewe. "Habari za asubuhi?" "Nzuri." "Hujambo?" "Sijambo." Mtu mwenye homa anasema hajambo. Mtu aliyefiwa usiku uliopita anasema, "Nzuri, ila tumepata msiba." Jibu la kwanza halikuwa taarifa ya afya hata kwetu. Ni kuitikia, kuonyesha kwamba nimekuona na nimekubali kuwa nawe. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, aliyeishi na watu wa visiwa vya Trobriand huko Pasifiki, aliandika mwaka 1923 kwamba mazungumzo ya namna hii yapo kila mahali duniani, na kwamba kazi yake ni kuwaunganisha watu kuliko kupasha habari. Mwingereza naye anafanya hivyo.

Tofauti iko katika ile "ila". Kwa Kiswahili, baada ya "nzuri" mlango uko wazi, na anayeuliza anategemea kwamba unaweza kuupitia. Ndiyo maana tunauliza mara tatu, mara nne, kila swali likimpa mwenzetu nafasi nyingine ya kusema lililo moyoni. Kwa Kiingereza, kati ya watu wasiojuana, "ila" haiji. "I'm fine, thank you. And you?" Basi. Kwa Marekani mara nyingi "Good, thanks. You?" Kwa "You all right?" ya Waingereza, jibu ni "Yes, thanks. You?" na mguu unaendelea. Mwenye msiba atamjua rafiki wa kumweleza, mahali penye kiti.

Shuleni tulifundishwa jibu moja kwa sauti moja, darasa zima limesimama: "We are fine, thank you, teacher!" Ni malezi mazuri, na watoto wa vijijini wanaomkimbilia kila mgeni kwa "How are you!" bila kujali kama ni asubuhi au magharibi wanaonyesha ukarimu ambao haununuliwi. Lakini wimbo ule haumwandai mtu kwa siku ya kusimama peke yake mbele ya mtu mmoja, kutaja jina lake na kumsikiliza wa pili akitaja lake. Ningependa walimu wetu wa Kiingereza wawafundishe hilo mapema, wawili wawili, mkono kwa mkono, kabla hata ya nyakati za vitenzi.

Jina lina adabu zake. Kwetu Afrika Mashariki tumezoea kusema "My names are...", kwa kuwa majina ni mawili au matatu kweli. Waingereza husema "My name is..." hata kama majina ni manne, na siku hizi mara nyingi "I'm..." tu. Kumuuliza mtu kwa ukavu "What is your name?" kuna harufu ya kituo cha polisi. Njia ya upole ni kutoa lako kwanza kisha kunyamaza. Mwenzako atatoa lake. Ukilisikia vibaya, sema "Sorry, I didn't catch your name," na wala usione haya kulisema, kwa maana anayeuliza tena anaonyesha kwamba jina lile lina thamani kwake. Ukilipata, litumie mara moja kabla ya kuachana. Na lako likimshinda, mtamkie taratibu. Usilikate wala usijibatize jina la Kizungu ili kumrahisishia. Mtu aliyejifunza kutamka Tchaikovsky hawezi kushindwa na Mwanaisha.

Halafu vyeo. Sisi tunasema "Mr. Juma", "Madam Neema", na kwetu ni heshima kamili. Uingereza na Marekani "Mr" hukaa na jina la ukoo: David Cooper ni "Mr Cooper". Kwa mwanamke ambaye hujui kama ameolewa, na kwa kweli haikuhusu, tumia "Ms", neno lililoenea zaidi baada ya jarida la *Ms.* la akina Gloria Steinem kuanza kutoka mwaka 1972. Mwenye udaktari ni "Dr" na jina la ukoo. Anza na cheo cha juu, kisha ngoja. Mara nyingi kabla dakika haijaisha utaambiwa, "Please, call me David."

Hapo ulimi wa Mswahili hukwama. Mtu ana mvi, ana wajukuu, unamwitaje David? Najua watu waliokaa miaka nchi za watu wakikwepa kumwita bosi wao jina lolote, wanakohoa tu mlangoni. Ushauri wangu ni kukubali. Amekupa ruhusa, na ruhusa hiyo ni karibu yake. Ukiendelea na "Sir" baada ya kupewa jina, umemrudishia kiti alichokuletea. Na msidhani Kiingereza kizima kimepoteza rika. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani watoto bado hufunzwa kusema "Yes, ma'am" na "Yes, sir" kwa wakubwa, na mama wa jirani huitwa "Miss" na jina lake la kwanza. Katika familia nyingi za Kiafrika, za Kikaribi na za Kihindi zilizoko Uingereza, mtu mzima ni "Auntie" au "Uncle" hata kama hakuna damu. Ukiwa mgeni wa familia kama hiyo, shikamoo yako imepata pa kukaa.

Kwingineko shikamoo haina neno linalolingana nayo. Usiitafsiri. Wala "pole na safari" usiifanye "sorry for the journey", maana mwenzako atajiuliza umeiharibuje; "How was your journey?" inafikisha upole uleule. Heshima iliyomo ndani ya shikamoo, iweke mahali mwenzako anapoweza kuiona: simama anapoingia, usianze kukaa kabla hajakaa, muache amalize sentensi, weka simu mfukoni. Mzee wa Kiingereza huyaona hayo yote hata kama hayasemi.

Mkono nao. Ni wa kulia, unashikwa vizuri, unatikiswa mara mbili tatu, unaachwa. Kwetu mkono unaweza kukaa mikononi mwa mwenzako mpaka habari zote zimalizike, na kuutoa mapema ni kama kumkimbia. Kwao mkono uliokaa sana unamtia mtu wasiwasi. Utaratibu wa zamani unasema mkubwa ndiye anayenyoosha kwanza, na mwanamke kabla ya mwanamume, nao bado ni mwongozo mzuri: ukiwa mdogo, ngoja kidogo. Wanaume na wanawake wa Kiislamu wasiopeana mikono na wa jinsia nyingine wana njia nzuri inayoeleweka popote. Weka mkono wa kulia kifuani mapema, kabla wa mwenzako haujanyooshwa, inama kidogo, sema maneno yako kwa tabasamu. Hujamkosea mtu.

Macho ndiyo magumu zaidi. Mtoto aliyelelewa vizuri Bagamoyo au Bukavu huinamisha macho mbele ya mkubwa. Kwenye usaili wa kazi London macho yale yanasomwa vibaya, kana kwamba mtu ana la kuficha. Mtazame mwenzako unapotaja jina lako na unapopokea lake. Baada ya hapo macho yanaweza kwenda yanakotaka.

Kuhusu lafudhi, watu wanahangaika bure. Bernard Shaw aliandika mchezo mzima juu ya hilo, *Pygmalion*, ulioonyeshwa London mwaka 1914. Muuza maua maskini, Eliza Doolittle, amefundishwa na profesa wa fonetiki kutamka kama binti wa kifalme, kisha anapelekwa kwa mara ya kwanza sebuleni kwa mama yake profesa, kuna wageni wa heshima. Ameagizwa azungumze mambo mawili tu, hali ya hewa na afya za watu. Anaingia, anasema "How do you do?" kwa matamshi yasiyo na doa. Anaulizwa kama mvua itanyesha, naye anatoa taarifa kamili ya hali ya hewa kama anasoma gazeti. Mafua yanapotajwa, anahamia kwenye afya na kuanza kusimulia, kwa matamshi yaleyale mazuri, jinsi shangazi yake alivyokufa na jinsi anavyoshuku kwamba waliokaa naye walimmaliza. Matamshi hayakumwangusha Eliza. Kilichomwangusha ni kipimo. Mtu wa Tanga anayesema "nais tu miti yu" kwa sauti tulivu na kwa kiasi ana adabu kuliko mwenye ulimi wa Oxford asiyejua kukoma.

Profesa yule hakukosea kuchagua hali ya hewa. Mwanaanthropolojia Kate Fox, katika kitabu chake *Watching the English* cha mwaka 2004, ameeleza kwamba Waingereza wanapozungumzia baridi na mvua hawazungumzii baridi na mvua, wanasalimiana. Akikwambia "Cold today, isn't it?" anakufungulia mlango kwa woga, na adabu ni kukubaliana naye. Usimwambie kwamba Makete ni baridi zaidi. Sema ndiyo, ongeza neno moja, na mazungumzo yamepata pa kusimama. Baada ya hapo unaweza kuuliza kuhusu kazi, kuhusu mkutano uliowakutanisha, kuhusu chakula kilichopo. Dini, mshahara, umri, chama cha siasa, kama ameolewa na kwa nini hana watoto, hayo yaache. Kwetu mengine ni maswali ya upendo. Kwa asiyekujua yanambana.

Liko swali moja linalohitaji uangalifu wa pekee, nalo ni "Where are you from?" Sisi tunaliuliza kwa nia njema kabisa. Mzaramo anataka kujua kama aliye mbele yake ni Mnyamwezi ili utani uanze; Mngazija anatafuta ndugu. Uingereza swali hilo lina historia nyingine. Tarehe 29 Novemba 2022, kwenye hafla katika Kasri la Buckingham, Ngozi Fulani, mwanamke mweusi aliyezaliwa London na aliyekuwa akiongoza shirika la kuwasaidia wanawake, aliulizwa na Lady Susan Hussey, aliyekuwa amemhudumia Malkia Elizabeth kwa miongo mingi, ametoka wapi. Akajibu. Akaulizwa tena, na tena, watu wake hasa wametoka wapi, kana kwamba jibu la kwamba ni Mwingereza halikutosha. Habari zilipotoka, Lady Hussey aliacha wadhifa wake, na mwezi uliofuata wawili hao walikutana akaomba radhi. Kosa halikuwa kuuliza mara moja. Lilikuwa kulikataa jibu. Wewe ukilazimika kuuliza, uliza "Do you live near here?" au "Have you come far?", na jibu lolote ulilopewa lipokee. Na ukiulizwa wewe, jibu unavyopenda: jina la mji tu latosha, au nchi, au historia nzima ya babu zako ikiwa moyo wako umemkubali anayeuliza.

Kuondoka pia ni sehemu ya salamu ya kwanza, na watu wengi hukosea hapa kwa sababu kwetu kuaga huchukua muda, kunafika mlangoni, kunavuka ua, kunasindikizwa mpaka barabarani. Kwa Kiingereza ni sentensi moja au mbili. "It was nice meeting you, Mr Cooper." Ukitaka muonane tena, sema lini na wapi, kwa kuwa "Let's have coffee sometime" mara nyingi ni upole wa kuagania tu, na haitegemewi kukuletea kahawa. Siku mtakapoonana tena, "meet" huiachia nafasi "see": "Nice to see you again." Neno hilo la "again" litilie moyo. Linamwambia kwamba ulimkumbuka, na mtu aliyekumbukwa huanza mwenyewe kuuliza za nyumbani.